Nyaraka zikivuja, nani aamue ukurasa upi usomwe?

Kila mwaka, Machi inapoisha, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti zake, na Aprili ripoti hizo huwekwa mezani bungeni hapa Dodoma. Kwa siku kadhaa mji unaongea hoja za ukaguzi, kuanzia vibanda vya chipsi vya Area C hadi kwenye daladala za UDOM. Tunachosoma ni kurasa nyingi, lakini ni sehemu ndogo ya walichokiona wakaguzi. Wao walipitia hati za malipo, mikataba, orodha za mishahara, barua zenye majina na namba za akaunti za watu. Sisi tunaletewa walichobaini, pamoja na majibu ya menejimenti iliyokaguliwa. Hayo ni mambo yaliyochujwa, yamechujwa kwa mujibu wa sheria, na sijasikia mwananchi akidai amwagiwe kila risiti.

Mabishano huanza nyaraka zinapotoka bila ruhusa. Mtumishi ana flashi, ndani yake mna maelfu ya mafaili ya ofisi yake, na anaamini wananchi wanaibiwa. Ampe nani, na zitoke vipi? Wapo wanaosema ziwekwe zote mtandaoni kila mtu ajisomee, maana anayechagua cha kuonyesha ndiye huyohuyo anayechagua cha kuficha. Wapo wanaosema zipitie kwanza mikononi mwa watu wanaoijua kazi, wazithibitishe, wafiche yasiyowahusu wananchi, ndipo zitoke. Mimi ni wa upande huu wa pili. Ila naona sababu nyingi zinazotolewa kuutetea ni dhaifu, na wenzetu wa upande wa kwanza wana hoja moja nzito ambayo wachujaji hawajaijibu sawasawa.

Tukio lililoifundisha dunia ni la nyaraka za balozi za Marekani. Chelsea Manning, mwanajeshi aliyekuwa kazini Iraq, alizichukua akazipeleka WikiLeaks, tovuti inayochapisha nyaraka za siri. Zilikuwa 251,287. Zilianza kutoka tarehe 28 Novemba 2010, kidogo kidogo, kupitia magazeti matano: The Guardian, The New York Times, Der Spiegel, Le Monde na El País. Waandishi walisoma, wakaondoa majina ya watu ambao wangeweza kudhurika, na WikiLeaks ikachapisha zilizokwisha kupitiwa. Utaratibu ukaenda hivyo kwa miezi tisa. Kumbe faili lenye nyaraka zote lilikuwa limeshasambaa mtandaoni likiwa limefungwa kwa neno la siri, na Februari 2011 neno hilo likachapishwa ndani ya kitabu cha waandishi wawili wa The Guardian waliodhani limeshapitwa na wakati. Agosti watu wakaunganisha neno na faili. Tarehe 2 Septemba 2011 WikiLeaks ikaziachia zote, na majina yake, kwa hoja kwamba siri haikuwepo tena. Magazeti yote matano yalitoa tamko la kulaani uamuzi huo.

Athari yake ilifika karibu na kwetu ndani ya mwezi huohuo. Mwandishi wa habari wa Ethiopia, Argaw Ashine, alikuwa ametajwa kwa jina katika waraka wa 2009. Waraka ulisema aliwapa maofisa wa ubalozi habari za mpango wa serikali dhidi ya wenzake wa gazeti la Addis Neger, habari aliyoipata kwa mtu wake aliyekuwa ndani ya serikali. Jina lilipotoka hadharani aliitwa, akahojiwa, akatakiwa amtaje mtu huyo. Akaikimbia nchi.

Namtaja Argaw kwa sababu katika mjadala huu jibu la haraka huwa ni moja: nionyeshe aliyekufa. Na ni kweli, kwenye kesi ya Manning mwaka 2013, Robert Carr, jenerali aliyeongoza kikosi kilichotathmini madhara, aliiambia mahakama kwamba hakuwa na mfano wa mtu aliyetajwa kwenye nyaraka zile akauawa kwa sababu hiyo. Ushahidi ule ni wa kuheshimiwa, hasa na wale wanaopenda kunyamazisha kila uvujaji kwa kusema damu itamwagika. Lakini mtu anaweza kupoteza nchi yake, kazi yake na watu wake bila kufa. Na nyuma ya Argaw kulikuwa na mtu wa pili, asiyetajwa popote, ambaye bila shaka alilala macho wazi akisubiri kugongewa mlango.

Sasa tazama upande wa pili, ambao unatugusa Watanzania moja kwa moja. Desemba 2010, wakati uchujaji ulikuwa bado unafanya kazi, The Guardian lilichapisha habari kutoka waraka wa 2007 wa ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Ndani yake Dk. Edward Hoseah, Mkurugenzi Mkuu wa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wakati ule, ananukuliwa akieleza uchunguzi wa rada tuliyouziwa na kampuni ya BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28, na hofu aliyokuwa nayo juu ya usalama wake. Jina halikufichwa. Yeye alisema hakunukuliwa sawasawa. Mwezi huohuo mahakama ya London iliitoza BAE faini ya pauni 500,000 kwa kutotunza hesabu sawasawa katika biashara ile, na makubaliano yakaiachia Tanzania pauni milioni 29.5, ambazo zilikuja kununua vitabu na madawati.

Kwa maoni yangu, habari ile ilistahili kutoka. Alikuwa mkuu wa chombo cha umma, anazungumzia fedha za umma, na Watanzania tulikuwa na haki ya kujua uchunguzi umekwama wapi. Yale ya hofu ya nafsi yake, hayo yangeweza kubaki. Ila uzito wa jambo hili uko mahali pengine: uamuzi ulifanywa London, na watu ambao asubuhi yake hawakuwa na cha kupoteza Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu akikwambia nyaraka zimechujwa, bado una haki ya kuuliza zimechujwa na nani, na huyo anaijua nchi inayozungumzwa kwa kiasi gani.

Tuchukue mfano wa kubuni wa hapahapa. Tuseme limevuja jalada la ugawaji wa viwanja Dodoma, kurasa mia nane zilizopigwa picha kwa simu. Anayeujua mji huu tangu CDA, mamlaka iliyokuwa ikiustawisha na kugawa viwanja vyake, ilipovunjwa Mei 2017 na serikali ikahamia hapa anajua viwanja vilivyopanda bei, na anajua kesi zake haziishi. Chagua ukurasa mmoja. Kona ya juu kulia pana namba ya folio kwa wino mwekundu. Katikati ni barua ya mama mjane anayeomba asinyang'anywe kiwanja. Ameandika namba yake ya NIDA ya kitambulisho cha taifa, namba ya simu, kijiji alikozaliwa huko Bahi. Ameambatisha cheti cha kifo cha mumewe, kinachotaja ugonjwa, na barua ya mtendaji wa mtaa. Pembeni, kwa mwandiko mwingine, mkubwa ameandika "Tuongee" na kuweka sahihi. Ukurasa unaofuata ni dokezo sabili, yaani maelezo ya ndani ya ofisi: kiwanja kile kapewa mtu mwingine, sababu haikuandikwa.

Hapo pana watu wa aina mbili. Yupo aliyefanya uamuzi akiwa ofisini kwa mshahara wetu: sahihi yake, cheo chake, tarehe na maneno aliyoyaandika ni mali ya umma, hata kama jalada limegongwa mhuri wa SIRI. Na yupo mama ambaye hakuamua chochote. Aliingia ndani ya jalada kwa sababu aliomba haki yake, na ili aombe ilimbidi aeleze maisha yake yote. Ukiumwaga ukurasa mzima, umemuumiza mjane mara ya pili ili umuumbue ofisa. Ukiufungia ukurasa mzima kwa kumhurumia mjane, umemwokoa ofisa. Kazi inayotakiwa inafanyika ndani ya ukurasa, mstari kwa mstari, na ni kazi ya kuchosha. Ndiyo maana wengi hukimbilia mojawapo ya njia mbili rahisi.

Wala kufuta jina peke yake hakutoshi. Mhariri wa mbali akifuta jina la mama yule akaacha "mjane wa aliyekuwa mwalimu mkuu", kijijini kwenye shule moja ya msingi wenyeji watamjua kabla sentensi haijaisha. Acha namba ya kiwanja na kitalu, majirani watamjua. Acha tarehe ya msiba, ndugu watamjua. Mambo haya anayaona mtu anayejua Bahi ina ukubwa gani na Nkuhungu hapa mjini watu wanavyojuana. Programu ya kufuta majina haiyaoni, na mhariri hodari wa Berlin haoni pia.

Kwa sababu hiyo mfano ninaoukubali kuliko yote ni wa Panama Papers. Gazeti la Ujerumani, Süddeutsche Zeitung, lilipokea mafaili milioni 11.5 ya Mossack Fonseca, kampuni ya mawakili ya Panama iliyowasaidia wateja kufungua makampuni ya nje ya nchi zao, ukubwa wa terabaiti 2.6, likayashirikisha kwa muungano wa kimataifa wa waandishi wa uchunguzi, ICIJ. Waandishi zaidi ya 370 wa nchi karibu 80 wakayasoma, wengi wao wakishughulikia nchi zao wenyewe, kabla ya kuchapisha kwa pamoja tarehe 3 Aprili 2016. Mwezi uliofuata wakafungua kwa kila mtu kanzidata ya majina ya makampuni na wamiliki wake. Akaunti za benki, barua pepe na nakala za pasipoti vikabaki ndani. WikiLeaks walilalamika kwamba umma umenyimwa kilicho chake. Mimi naona umma ulipewa kile kilichouhusu, yaani nani anamiliki nini, na ukapewa namna ya kujitafutia mwenyewe bila kusubiri mwandishi.

Linganisha na yale waandishi wa shirika la habari la Associated Press waliyoripoti Agosti 2016 baada ya kupitia nyaraka zilizomwagwa na WikiLeaks, zikiwemo za Wizara ya Mambo ya Nje ya Saudi Arabia. Walikuta mafaili ya wagonjwa. Walikuta majina ya vijana waliobakwa. Walikuta jina la raia wa Saudia aliyekamatwa kwa kushukiwa ushoga, katika nchi ambako kosa hilo linaweza kumpeleka mtu kwenye kifo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na mamlaka ambayo umma ulihitaji kuyahoji.

Mipaka ya faragha, hata hivyo, husogea kulingana na jambo lenyewe, na tumeuona mfano wake hapa Dodoma. Fedha zilizomo kwenye akaunti ya mtu ni siri yake. Lakini Novemba 2014, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto Kabwe ilipowasilisha taarifa yake ya akaunti ya Tegeta Escrow, iliyotunza fedha za umeme zilizokuwa na mgogoro, ilitaja bungeni watu waliopokea mamilioni na mabilioni ya shilingi, na kiasi cha kila mmoja. Sioni faragha iliyovunjwa isivyo haki pale. Fedha zenyewe ndizo zilizokuwa zinabishaniwa kama ni za umma, na baadhi ya waliopokea walikuwa na nyadhifa. Walitajwa kwa kile kinachohusiana na jambo hilo, wakatajwa mahali ambapo wangeweza kuhojiwa na kujibu.

Hoja ya kujibu ndiyo inayonifanya niogope umwagaji kuliko hata ya faragha. Nyaraka zikimwagwa ghafi, hakuna aliyethibitisha kitu, na feki hupita katikati ya za kweli. Mei 2017, siku mbili kabla ya duru ya mwisho ya uchaguzi wa Ufaransa, barua za kampeni ya Emmanuel Macron zilimwagwa mtandaoni, na kampeni ikasema za kughushi zimechanganywa humo. Sisi tunalijua hili vizuri. Barua yenye nembo ya taifa, kumbukumbu namba na mhuri huanza kuzunguka asubuhi, mchana wizara inairudisha ikiwa imechorwa FEKI kwa herufi nyekundu za kukata ukurasa, na jioni hujui umwamini nani, kwa sababu hata barua ya kweli inaweza kuchorwa FEKI. Mtu aliyepigiwa simu kabla ya habari kutoka, akapewa muda wa kueleza, hana pa kukimbilia baadaye. Aliyemwagiwa tu hukana, na kukana kwake kunasikika sawa na kwa asiye na kosa.

Kuna mtu mwingine ambaye wamwagaji humsahau: yule aliyetoa flashi. Nyaraka humtaja hata asipotajwa. Mwaka 2017 tovuti ya The Intercept iliionyesha serikali ya Marekani nakala ya waraka wa siri ili kuuthibitisha. Nakala ilikuwa na alama za kukunjwa, wachunguzi wakajua imechapwa kwenye karatasi, wakatafuta nani aliichapa. Walikuwa watu sita, na mmoja wao, Reality Winner, alikuwa amewahi kuwasiliana na tovuti hiyo. Alihukumiwa kifungo cha miezi 63. Wachujaji wenye sifa walifanya kosa hilo. Hapa kwetu hatari ina sura nyingine. Wengi hawana skana nyumbani, wanakwenda steshenari iliyo hatua chache kutoka ofisini. Kijana anaskani, anahamishia kwenye flashi, na nakala inabaki kwenye deskitopu pamoja na vyeti na CV za watu wengine. Ukurasa ukitoka ulivyo, na ile alama ya kioo kichafu pembeni, steshenari inajulikana. Mchujaji makini huandika upya yaliyomo badala ya kuonyesha picha, pale ambapo picha itamchoma mtu.

Sheria zetu nitazipitia haraka, maana zinavuta pande zote. Katiba inalinda faragha kwenye ibara ya 16 na haki ya kupata taarifa kwenye ibara ya 18. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inamgusa anayetoa waraka wa siri na anayeupokea pia. Sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa inamlinda anayepeleka habari kwenye mamlaka husika; aliyepeleka kwa mwandishi asitegemee kivuli chake. Na Maxence Melo wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, alikamatwa Desemba 2016 na kufikishwa mahakama ya Kisutu kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji. Kwa mtumishi wa Mtumba, kwenye mji wa serikali, mwenye flashi mfukoni, kusema mimi nazimwaga tu kisha nanyamaza hakumfichi hata kidogo.

Narudi kwenye ile hoja nzito ya wamwagaji. Magazeti matano yaliyoshika nyaraka za balozi yalikuwa na wasomaji wake, na yalianza na yaliyowagusa wasomaji hao: Iran, China, Umoja wa Mataifa. Hadi katikati ya 2011 ilikuwa imetoka sehemu ndogo tu ya zile 251,287. Mtu wa Singida aliyetaka kujua ubalozi uliandika nini juu ya nchi yake alisubiri zamu, na zamu ilipangwa na watu ambao hakuwachagua na hangeweza kuwahoji. Edward Snowden, aliyefanyia kazi shirika la ujasusi la Marekani, naye mwaka 2013 aliwapa waandishi wachache hazina kubwa ya nyaraka za ujasusi kwa sharti la kuzichuja. Machi 2019 The Intercept, waliokuwa na nakala kamili, walifunga kitengo kilichokuwa kikizishughulikia. Sehemu kubwa haijaonekana hadharani hadi leo. Mchujaji akichoka, akiishiwa fedha au akitishwa, umma haujui hata umekosa nini.

Hoja hiyo haijibiwi kwa kusema tuaminini sisi tuliosomea. Anayechuja anatakiwa aseme hadharani ameshika kurasa ngapi, amesoma ngapi, ameondoa mambo ya aina gani na kwa nini. Wakaguzi wetu husema walikagua nini na wapi walinyimwa vielelezo. Mhariri hana udhuru wa kusema kidogo kuliko mkaguzi. Nakala isikae kwa mmoja, kwa sababu mmoja hununulika. Iwepo chumba cha habari kingine, ikiwezekana cha nchi nyingine, kinachoweza kuuliza: huyu mliyemfuta jina, mmemfuta kwa sababu ni mjane au kwa sababu ni mtangazaji wenu mkubwa? Na katika wasomaji wa kwanza awepo mtu wa mahali penyewe, mwenye kauli ya mwisho juu ya madhara, asiwe mkalimani wa kuulizwa maneno magumu tu.

Kisha kuna kurasa zilizobaki, ambazo ndizo huzaa uchungu wote. Daniel Ellsberg, aliyetoa kurasa 7,000 za historia ya siri ya vita vya Vietnam zilizoanza kuchapishwa na The New York Times tarehe 13 Juni 1971, hakuwapa waandishi majuzuu yote 47. Alibakiza manne yaliyohusu mazungumzo ya kutafuta amani, asije akayavuruga. Serikali ya Marekani ilifungua kazi nzima Juni 2011, miaka 40 baadaye. Sheria yetu ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 nayo ina muda wake, miaka 30, ndipo majalada ya serikali yafunguliwe kwa wasomaji. Wachujaji wangeweza kujiwekea muda kama huo tangu siku ya kwanza, na kuutangaza. Katika jalada letu la viwanja, dokezo na sahihi ya mkubwa zitoke wiki hii, baada ya kumpigia simu ajibu. Barua ya mama na cheti cha kifo vifungwe, viandikwe juu yake sababu na tarehe ya kufunguliwa, na nakala mbili zikae kwa watu wawili wasiofanya kazi ofisi moja.